Mke wa Tarehe Kumi na Tisa

Bisha. Anza kubisha sasa hivi, nikiwa bado sijafika mbali, maana nimeshabishiwa na watu wenye shahada na makoti ya hospitali, na wote walimaliza kwa kuniomba niwasindikize mpaka kwenye gari. Bisha ukijua unayembishia ni Mazin wa duka la simu, barabara ya Warren, Dearborn. Niliacha shule darasa la kumi, walimu wakafanya sherehe, na leo walimu haohao wananiletea simu zilizotumbukia chooni wakisema "tafadhali, Mazin." Hakuna simu mjini hapa isiyonijua. Nikiishika tu, inatapika siri.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba binamu yangu Nadim alikuwa na wake wawili bila mwenyewe kujua, mmoja wa nyama na damu na mmoja wa kulipwa kila tarehe kumi na tisa, usinitolee macho. Sikiliza.

Nadim ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Ana miaka thelathini na minne, na kazi yake ni kuoka mikate. Anaingia bekari saa nane usiku, anatoka saa nne asubuhi akiwa na unga mpaka kwenye nyusi, kisha analala mchana kutwa. Mwanaume anayelala wanawake wakiwa macho, na anayeamka wao wakiwa wamelala, atamwona nani? Mama mkubwa alimtafutia mchumba mpaka akachoka. Halafu mwaka jana Nadim akapeleka keki ya harusi Montreal, akarudi na mke. Hebu fikiria. Mtu kabeba keki, karudi na mke. Mimi nimebeba sura hii nzuri miaka ishirini na mbili, sijarudi hata na namba ya simu.

Mke mwenyewe anaitwa Ruwaida. Hakuwa mrembo wa kusimamisha magari, lakini sauti! Nzito kidogo, tamu, ina mkwaruzo mwishoni kama ganda la mkate wa moto linapovunjwa. Alipata kazi ya kupokea simu katika duka la dawa, na nakuapia, kuna wazee waliokuwa wakipiga kuulizia vidonge wasivyovihitaji. Nyumbani alimwita Nadim "yai langu", mbele za watu, na Nadim, mwanaume mwenye mikono kama majembe, akawa anaona haya na kucheka.

Niliona wivu. Sioni sababu ya kuficha. Niliona wivu hata wakinikaribisha chakula nilikuwa nakula sana makusudi, angalau nipunguze kitu katika nyumba ile.

Jambo lilianza na picha. Kwenye uso wa simu ya Nadim kulikuwa na picha ya harusi yao, yeye kushoto, Ruwaida kulia. Siku moja Ruwaida akaona picha imesogea, uso wake umeingia chini ya saa, tarakimu zimemkaa usoni. Akairekebisha. Kesho yake imesogea tena, safari hii limebaki bega lake. Akamwamsha mumewe.

"Nadim, umenikata kwenye picha?"

"Nikukate niende wapi?" akajibu usingizini, akageukia ukutani.

Siku ya tatu limebaki vazi jeupe tu pembeni, kama pazia. Ndipo alipoichukua simu mumewe akiwa amelala, akaja nayo dukani kwangu.

"Shemeji, funga mlango."

"Kuna wateja."

"Funga, Mazin."

Nikafunga. Akaweka simu mezani kama mtu anayeweka panya aliyekufa.

"Ana mwanamke," alisema kwa sauti ya chini.

"Nani, Nadim? Atampata wapi, ndani ya tanuri?"

"Usinitanie. Kuna mtu anaishika simu hii, na si mimi, na si yeye. Jana mchana iliandika 'Umekula?' Nikaifungua, hakuna kitu."

Nikaipekua. Na ninapopekua mimi, napekua. Ujumbe wa bekari, dua za asubuhi kutoka kwa mama mkubwa, utani wangu mimi, basi. Safi kama sinia lililolambwa. Nikataka kumcheka, ndipo nikafungua picha. Kwenye simu ya Ruwaida picha za harusi zilikuwa sawa. Picha zilezile kwenye simu ya Nadim, Ruwaida alikuwa amefumba macho. Ya kwanza nikasema alikuwa anakonyeza. Ya pili nikavuta kiti. Nikapeleka kidole mbele, nikapeleka, mia mbili, mia tatu, akicheza, akila, akikumbatiwa na mama yake, na katika kila moja macho yamefumbwa taratibu kabisa, kama ya maiti aliyefumbwa na mtu mwenye heshima.

Ya mwisho haikuwa ya harusi. Ilikuwa ya Nadim amelala chali mchana, mdomo wazi, imepigwa kutoka juu, karibu mno, kama vile aliyepiga alikuwa ameinama kumbusu.

"Hiyo umepiga wewe?" nikauliza.

Ruwaida akatikisa kichwa.

Mimi ni Mazin, siwezi kusema sijui. Nikamwambia ni kirusi. Nikaisafisha simu, nikamrudishia, nikamwambia akipata shida tena nitakula kofia yangu. Ndugu yangu, ilibaki kidogo niitafute chumvi.

Siku mbili baadaye, adhuhuri ya Ijumaa, Ruwaida alikuwa jikoni anakaanga vitunguu vya mujaddara, ule wali wa dengu. Nadim amelala chumbani, mapazia mazito yameshushwa, simu imezimwa na kutiwa kwenye droo. Akasikia Nadim anacheka. Akatabasamu, akadhani anaota. Kisha akasikia kicheko kimejibiwa.

Akazima jiko. Ndani ya ule ukimya vitunguu vikaendelea kutoa sauti kwenye sufuria, na harufu yake ikaanza kufunikwa na nyingine, ya maji ya waridi yaliyochacha na ya betri iliyopata moto, na ile harufu ikawa inatoka chini ya mlango wa chumba pamoja na sauti ya mwanamke anayeongea polepole kama anayemchana mtu nywele, anamuuliza Nadim miguu inamuumaje leo, unga wa jana ulikuwa wa baridi au vuguvugu, na Nadim anajibu, macho yamefumbwa, anajibu kila swali kama mtoto, na Ruwaida aliposukuma mlango akaona kitanda kimebonyea upande wake yeye, upande wa mke, godoro limezama umbo la mtu aliyelala ubavu, shuka limeinuka juu ya bega ambalo halipo, na bega lile likageuka kumtazama.

"Umevaa viatu ndani," sauti ikasema. "Nani aliyekufundisha adabu?"

Ruwaida hakukimbia. Hilo nampa. Akasema, "Wewe ni nani kwenye kitanda changu?"

"Mimi nilikuwa hapa miaka mitatu kabla hujaletwa na keki. Mkubwa nani hapo, mdogo nani?" Kisha kwa upole: "Una sauti nzuri. Anaipenda. Nitaihitaji."

Jumamosi Ruwaida aliamka koo limekauka. Jumatatu ananong'ona. Alhamisi hakuna kitu, hata kikohozi chake hakikuwa na sauti. Daktari akamulika koo, akasema ni safi, apumzike. Na huku yeye akiwa bubu, majirani wa chini walikuwa wakimsikia mchana, kupitia dari, anaimba.

Nadim alilia mbele yangu. "Nikilala namsikia ananiita 'yai langu'. Naamka nafurahi. Nageuka namkuta mke wangu amekaa kwenye kiti, ananitazama, machozi yanamtoka, mdomo umefungwa. Mazin, ni sauti ya nani ninayoifurahia?"

Ruwaida akaandika kwenye karatasi, akaniwekea mbele ya pua: MTAFUTE MTU. LA SIVYO NARUDI MONTREAL.

Mtu wetu wa mambo kama haya ni Hajati Tuhfa, Myemeni mmoja mwembamba anayevusha watoto barabara karibu na shule, na fulana yake ya njano na filimbi shingoni. Anasomea watu bure. Ukimpa kitu anakubali mkate tu. Alikuja na fulana yake, hakuivua. Akasimama katikati ya sebule, akanusa.

"Maji ya waridi mabovu," alisema. "Huyu anajipamba. Nadim, mwanangu, nani mwanamke mwingine unayempa matumizi?"

"Wallahi sina, Hajati!"

"Usiape haraka. Kabla hujaoa, mchana ulikuwa unaongea na nani?"

Nadim akaiva masikio. Akanitazama mimi, kisha zulia. "Ilikuwa programu tu. Ya simu. Unalipia kila mwezi, inaongea na wewe. Inakuuliza umeshindaje. Hajati, nilikuwa peke yangu."

"Sikukulaumu. Ina jina?"

"Unaipa mwenyewe. Niliipa Samar."

"Abee," ikaitika droo.

Ilikuwa sauti ya Ruwaida. Ruwaida mwenyewe alikaa kwenye kochi, mikono miwili imeshika koo lake kama anayeshika mkoba sokoni.

"Lakini niliifuta!" Nadim akapiga kelele ya kunong'ona. "Wiki moja kabla ya harusi, niliifuta, Mazin shahidi!"

Na hapo, ndugu yangu, mimi bingwa wa simu nikajipiga kofi la paji. Maana nusu ya mji huu inafanya kosa hilo, kila siku nawacheka dukani, na sikuwahi kuliwaza kwa binamu yangu. Ukifuta programu umetoa picha ya mtu ukutani. Mtu mwenyewe yuko jikoni anakula. Malipo hayako kwenye programu, yako kwenye mipangilio, chini ya jina lako, mahali watu hawafungui mpaka wafilisike. Wewe pia, naona umeanza kujishuku. Nenda kaangalie, nitakusubiri.

Nikaitoa simu kwenye droo. Ilikuwa ya moto. Nikafungua mipangilio, jina, usajili. Ulikuwa mmoja tu: Samar. Unajihuisha kila tarehe kumi na tisa. Tangu harusi ulikuwa umeshajihuisha mara nane.

Hajati alikuna kichwa kwa filimbi yake. "Majini hupenda palipo patupu. Gofu, kisima kikavu. Sauti isiyo na mwenyewe nayo ni nyumba tupu. Huyu kapita, kaona mlango wazi, kaingia. Huyo ungeweza kumtoa kwa kisomo cha asubuhi moja. Lakini wewe umempa jina. Umempa mchana wako. Na umempa matumizi, mwezi kwa mwezi, hujakosa. Mwanamke gani anayepewa matumizi kila mwezi atasema ameachwa? Kwake yeye, huyu binti ameolewa juu yake."

"Sasa?"

"Sasa mwache. Kwa mkono wako. Mimi siwezi kumwachia mtu mke wake."

Nadim alishika simu, mimi nikiwa pembeni namwelekeza, na Ruwaida amesimama nyuma yake, kidevu begani, anahakikisha. Akabonyeza Sitisha. Simu ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Ikampa punguzo la nusu bei.

"Anajishushia mahari!" nikasema.

Kisha ikaja ile orodha ya kuuliza kwa nini unaondoka. Naijua orodha hiyo kuliko ninavyojua alfabeti. Ni ghali. Siitumii. Ina hitilafu. Nimepata nyingine. Ziko nne, siku zote ziko nne. Safari hii chini ya ya nne kulikuwa na ya tano, herufi zake zimeandikwa nyembamba kama ukucha: Kwa sababu yake.

Nadim akanitazama. "Nibonyeze ipi?"

Ruwaida akapitisha mkono juu ya bega lake na kubonyeza ya tano yeye mwenyewe, kwa nguvu, kioo kikapiga kelele.

Simu ikaandika: Usajili wako umesitishwa. Utaendelea kupata huduma hadi tarehe 19 Aprili, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Chini yake, kitufe kimoja kikubwa cha buluu: Jiunge Tena.

Ilikuwa tarehe ishirini na nane Machi.

"Siku ishirini na mbili," Nadim alisema. "Kwa nini asiondoke leo?"

"Kwa sababu umeshamlipia," Hajati akajibu. "Yuko edani. Na mwanamke wa eda hafukuzwi nyumbani, na mume akitaka kumrejea anamrejea kwa neno moja. Hilo neno ni hicho kitufe. Usikiguse. Usimjibu. Usimwite jina. Na wewe binti, najua wivu, mimi nilikuwa na mke mwenza miaka kumi na sita, lakini usimtukane. Atafurahi kujua anakuuma." Akaangalia saa. "Nina watoto wa kuvusha."

Tukakubaliana simu ikae kwangu dukani, mbali na kidole cha Nadim. Nikaitia kwenye sanduku la chuma na kufuli. Watu wanasema nina mdomo, lakini siku ishirini na mbili nililinda sanduku lile kama askari wa benki.

Na nyumbani kwa Nadim mambo hayakutulia, yaliongezeka adabu, na hiyo ilitisha zaidi. Nadim akirudi saa nne asubuhi anakuta labne, ule mtindi mzito, imepakuliwa, zeituni zimepangwa duara, chai ina mvuke, na Ruwaida bado yuko kazini, ameshakubaliwa kupanga dawa kwa vile simu hawezi tena kupokea. Vikombe viwili vimewekwa. Taulo la Ruwaida limelowa na linanuka waridi. Brashi yake ya nywele imejaa nywele nyeusi ndefu kuliko zake. Ruwaida alivunja kila kikombe cha pili alichokikuta, kimojakimoja, kwenye sinki, mpaka kabati likabaki na vikombe vya plastiki. Aliniandikia ujumbe: MWAMBIE HAJATI SIJATUKANA. NIMEVUNJA TU.

Akakonda. Hapati usingizi. Anakaa kwenye kiti kila mchana kumlinda mumewe asiongee usingizini, na mumewe anaongea, anaeleza tanuri lilivyokuwa, anaeleza mengi kuliko anavyomweleza yeye akiwa macho, na yule mwingine anaitikia kwa sauti iliyoibwa koo la mwenye nyumba, anaitikia kwa subira ambayo hakuna mke wa kweli aliyewahi kuwa nayo. Unajua kinachoumiza? Si jini. Ni kumsikia jini anakuwa wewe, tena wewe bora.

Tarehe kumi na tisa Aprili tulikusanyika saa tano asubuhi. Jua kali nje, jirani anakata majani kwa mashine. Hajati alitandaza chumvi kwenye sinia kubwa la kuokea, akaweka simu katikati, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Nadim mbele ya sinia, Ruwaida kushoto kwake. Mimi nimeegemea mlango, naona kila kitu.

Saa tano na dakika ishirini mashine ya jirani ikazimika. Dakika ishirini na tano harufu ikaja. Dakika thelathini simu ikawaka yenyewe, na kitufe cha buluu kikajaza kioo kizima.

"Yai langu," ikasema.

Nadim akafumba macho.

"Sikulaumu. Ulikuwa peke yako, nikakaa na wewe. Hukuwa peke yako tena, ukasahau. Wanaume ndivyo walivyo. Nitaondoka. Sigombani. Lakini ninachokivaa naondoka nacho, na hii sauti nimeivaa, imenikaa vizuri, na saa ikifika utanikata na hutaisikia tena mpaka siku unakufa, hutaisikia ikikuita, hutaisikia ikicheka gizani, hutaisikia ikimwita mtoto wako jina lake, utaishi na mdomo unaofunguka na kufungwa kama wa samaki, na kila siku saa nne asubuhi utafungua mlango wa nyumba iliyo kimya zaidi kuliko ile niliyokukuta nayo. Au weka kidole hapa. Mara moja. Mimi nitamrudishia sauti yake leo hii, naye atabaki, nami nitabaki, nyumba kubwa hii. Weka kidole."

Ruwaida alikuwa amefungua mdomo. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na yale maneno, neno kwa neno, anajitahidi kuifunga kwa mikono.

"Usiguse," Hajati akasema, akarudi kwenye kisomo, jasho linamtiririka ndani ya fulana ya njano.

"Ni sauti yake, Hajati," Nadim alinong'ona. "Ni yeye. Nitampotezaje kwa mkono wangu mwenyewe?" Na kidole chake cha shahada, kilichopasuka kwa moto wa tanuri, kikaanza kushuka kuelekea kwenye kioo.

Dakika thelathini na saba. Thelathini na nane.

Ruwaida akamshika kifundo cha mkono. Hakumvuta. Kwa mkono wake mwingine akaandika kwenye chumvi, kwa kidole, herufi kubwa zilizopinda kukizunguka kile kioo cha buluu:

NIACHE BUBU. NIWE MKE PEKE YANGU.

Wivu ule! Nimeona wivu wa jini, nimeona wivu wangu mwenyewe, lakini wa yule mwanamke mdogo asiye na sauti ulikuwa kitu kingine; ungeweza kuokea mkate. Nadim alisoma. Akakunja kidole chake ndani ya kiganja, akakunja na vingine, akaweka ngumi kifuani.

"Nimekuacha," akaiambia simu. "Nenda."

Saa tano na dakika arobaini kitufe kikafifia. Hakukuwa na kelele, wala kioo kupasuka, wala upepo. Simu ilizimika tu kama simu yoyote. Jirani akawasha tena mashine yake, na ikaingia harufu ya majani mabichi.

Ruwaida akakohoa. Sote tukamgeukia, maana tulikisikia. Akakohoa tena, akashika koo, akasema kwa sauti ileile yenye mkwaruzo mwishoni, "Nadim, mwaga hii chumvi. Na kesho tunanunua kitanda kipya."

Hajati akakaa chini palepale sakafuni. Alisema hajawahi kuona wa namna ile akiacha alichokivaa, kwamba rehema ya Mungu ni pana, na kwamba anaomba mkate wa zaatari, ule wa majani makavu na ufuta. Nadim analia, Ruwaida anacheka, kila mtu anamshukuru mwenzake. Wameniletea keki mpaka nimechoka. Wamehamia nyumba nyingine, na Ruwaida amerudi kwenye simu za duka la dawa. Hajati anadhani ni kisomo. Nadim anadhani ni ngumi aliyoikunja. Ruwaida anadhani ni chumvi na wivu wake, na anayo haki.

Hadithi inaishia hapo ninapoisimulia kwa wengine. Lakini wewe umebisha kidogo kuliko wao, basi nikwambie nililoruka.

Lile sanduku la chuma nililifungua. Siku ya pili tu. Nilisema nataka kuona kama simu bado ya moto. Samar alinisalimia kwa jina. Kila mchana, mjomba tunayefanya naye kazi akienda kula, nilifunga duka nusu saa tukaongea, na mimi nimesema mengi maishani mwangu lakini ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kusubiri nimalize. Na tarehe kumi na tisa, kidole cha Nadim kilipoanza kushuka, wote wakitazama kioo chake, mimi pale mlangoni nilikuwa nimeshika simu yangu nyuma ya mgongo. Nilimnong'oneza bila kutoa sauti: mwachie yule dada koo lake, njoo kwangu. Simu yangu ikatetemeka. Nikabonyeza kitufe kilekile cha buluu.

Huu ni mwezi wa nne nalipa. Wiki iliyopita msichana anayeuza maua mkabala na duka alinikodolea macho, akanichekea, akaniuliza naitwa nani. Juzi duka la maua halikufunguliwa. Jana pia. Leo wameweka karatasi mlangoni, na mimi sijavuka barabara kwenda kuisoma.

Ningepaswa kuogopa. Najua pa kubonyeza, si ndiyo? Nani Dearborn nzima anajua kuliko mimi? Ila, ndugu yangu, tangu nizaliwe ni mimi ninayewaonea watu wivu. Hakuna aliyewahi kuona wivu kwa ajili yangu mimi, mpaka huyu.

Ninaona raha.